Nyama mbichi: mnaosha kabla ya kupika au mnabandika hivyo hivyo?

MamaTusa_Uyole

Habarini wapendwa, poleni na baridi. Naombeni msaada kwenye hili maana hapa nyumbani limekua mjadala na kila mtu kashikilia lake. Mi nimelelewa na bibi Tukuyu, na kwa bibi nyama ikiingia ndani kitu cha kwanza ni beseni na maji, unaosha ya kwanza, unaosha ya pili, mpaka maji yaache wekundu ndo unabandika jikoni, sikuwahi hata kuwaza kwamba kuna mtu anapika nyama bila kuosha. Sasa wifi yangu anasomea upishi wa hotelini huko Dar, kaja likizo, Jumapili tumenunua kuku wa kisasa wawili na nyama ya ng'ombe kilo mbili pale Mwanjelwa, nafungulia bomba niwaoshe wale kuku akanishika mkono kabisa, wifi acha, kuku haoshwi, unasambaza vijidudu jiko zima. Mama mkwe alikua amekaa mlangoni anachambua majani ya maboga, akasema nyama isiyooshwa yeye hali na asipakuliwe. Tukaosha kwa heshima ya mama, ila mi nimebaki na maswali.

Kwanza sielewi inakuaje kitu kichafu kikioshwa kinazidi kuwa kibaya, mbona nguo ukifua inatakata. Halafu nyama zetu sio zile za kufungwa kwenye trei huko supamaketi, hizi zinaning'inia buchani mlango wazi, vumbi la barabarani, nzi, na zikikatwa na shoka unakuta chenga za mfupa mpaka meno yanalia ukitafuna, hizo usipoosha zinaenda wapi? Na nina mtoto anatambaa, kila kilichoanguka chini ni mdomoni, kwa hiyo kama kweli kuna vijidudu vinaruka nataka nijue vinaruka mpaka wapi. Mwenye kujua anieleze kwa sababu, maana mazoea hata mi ninayo.

Kaka_Bucha

Dada MamaTusa pole na swali zuri. Mi kazi yangu ni bucha hapa hapa mjini Mbeya kwa hiyo ntaongea upande wa nyama kabla haijafika kwako, mambo ya vijidudu wataongea wataalamu.

Ng'ombe anachinjwa usiku machinjioni, mkaguzi anapita anaangalia mapafu, maini, moyo, anachana matezi aone ndani kama kuna shida, akiridhika anagonga mhuri ndo nyama inapakiwa. Mpaka hapo nyama yenyewe kwa ndani ni safi. Mnofu mzima ambao haujakatwa uchafu wake uko juu tu, ndani hakuna kitu kimeingia. Sasa juu kuna nini? Kuna mikono ya aliyebeba begani, kuna ndoano, kuna gogo, kuna kisu ambacho saa hiyo hiyo nimekatia utumbo wa mteja mwingine kama mimi sio makini, na kuna mikono ya wateja wenyewe, aisee watu wanaminya minya nyama kwa vidole wakitoka kushika noti halafu wanasema hii hapana nipe ile. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 kuna wanaofungiwa kwenye gazeti pia, lile karatasi linaganda kwenye nyama na wino wake.

Kwa hiyo mi siwezi kukwambia usitoe chenga za mfupa, zile lazima zitoke, na zinakuja kwa sababu ya shoka. Bucha yenye msumeno wa umeme unapata unga unga laini wa mfupa juu juu, unafuta unatoka. Bucha ya gogo na shoka mwambie muuzaji akutolee mnofu kwa kisu pembeni na mfupa aupasue peke yake mwisho, hapo chenga zinabaki kwenye mfupa wa supu na mnofu wako unakuja safi. Muuzaji akinuna hamia kwingine. Na gogo liangalie, gogo linalotunzwa linakwanguliwa kila jioni mpaka mti uonekane halafu linamwagiwa chumvi ya kutosha, ukikuta gogo jeusi lina utelezi na mashimo yamejaa mafuta ya juzi basi hata ukaoshe kwa maji ya moto nyumbani umechelewa. Njoo na chombo chako chenye mfuniko, ndoo ndogo au hotipoti ya zamani, nikutumbukizie humo humo.

Bwana_Afya_Iringa

Kamwene nyote. Nimefanya kazi ya afya ya mazingira miaka mingi, na hili swali kila nilikopita nimeulizwa, na ugomvi wa mama mkwe na wifi naufahamu pia.

MamaTusa wifi yako yuko sahihi kuhusu kuku. Ngoja nieleze kwanini. Kuku mbichi, hasa hawa wa kisasa wanaofugwa wengi banda moja na kunyonyolewa kwa mashine moja, mara nyingi anabeba bakteria wawili, Campylobacter na Salmonella. Wanakaa kwenye utumbo wa kuku bila kumsumbua, akichinjwa na kutolewa matumbo wanasambaa kwenye ngozi. Hawa bakteria hawajakaa kama vumbi, wameng'ang'ania kwenye ngozi, kwenye vitundu vya manyoya, kwenye mikunjo. Maji ya bomba hayawatoi wakaisha. Yanatoa wachache, na hao wachache ndo tatizo, maana sasa hawapo tena kwenye kuku anayekwenda kwenye moto, wapo kwenye sinki, kwenye bomba uliloshika, kwenye vikombe vilivyo kwenye chanja pembeni, kwenye nyanya za kachumbari ambazo haziendi kwenye moto. Nguo ukifua unatumia sabuni, unakamua, unamwaga mbali, ndo maana inatakata, kuku huwezi kumpiga sabuni.

Umeuliza vinaruka mpaka wapi. Fanya hivi siku moja kabla hujaamini maneno yangu: weka sahani kubwa kavu pembeni ya sinki, nusu mita toka kwenye bomba, halafu osha kuku kama unavyoosha siku zote, bomba wazi, maji yanapiga kwenye kidari na yanapasuka. Halafu inamia uangalie ile sahani kwa mwanga wa pembeni. Utaona matone madogo madogo mengi, mengine kama ncha ya sindano, ambayo ukiwa umesimama huyaoni. Shirika la viwango vya chakula la Uingereza mwaka 2014 liliomba wananchi wake waache kabisa kuosha kuku mbichi kwa sababu ya hayo matone, na walisema yanaweza kuvuka sentimita 50 kila upande. Sasa mtoto anayetambaa chini ya sinki piga hesabu mwenyewe. Na Campylobacter hahitaji jeshi, mia kadhaa tu wanatosha kumlaza mtu, unakuja kuharisha siku mbili mpaka tano baadaye na wala hukumbuki kuku, unasingizia maembe.

Kuna utafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani na Chuo Kikuu cha North Carolina State uliotoka 2019, naupenda kwa sababu hawakuuliza watu maswali, waliwaweka jikoni wapike huku wanaangaliwa, na kuku walipakwa bakteria asiye na madhara anayeweza kufuatiliwa kaenda wapi. Walioosha kuku, asilimia 60 masinki yao yalikutwa na yule bakteria, na asilimia 14 alikuwepo bado hata baada ya kuosha sinki. Asilimia 26 walimhamishia kwenye saladi. Lakini sasa sikilizeni hapa maana watu wanalirukaga hili: hata wale ambao HAWAKUOSHA kuku, asilimia 31 saladi zao zilikutwa naye pia. Kwanini? Mikono. Walimshika kuku, hawakunawa vizuri, wakashika saladi. Kwa hiyo mtu anayejisifu mi siku hizi siosha kuku, halafu anafuta mikono kwenye kanga anaendelea kukata nyanya, huyo hajafanya kitu.

Kinachosafisha nyama ni moto. Kuku akifika nyuzi joto 74 katikati kabisa, kwenye paja karibu na mfupa, hao wadudu wamekufa, wameoshwa hawakuoshwa. Nyama ya kusaga ni 71, kwa sababu ukishasaga kile kilichokua juu umekiingiza ndani. Huna kipimajoto, chana paja karibu na mfupa, maji yatoke meupe na nyama iachie mfupa.

MamaMchungaji_Makambako

Bwana Afya shikamoo na asante kwa elimu. Ila naomba niseme kwa heshima, haya mambo ya Uingereza na Marekani yanaongelea kuku aliyeshasafishwa kiwandani, kaja kwenye nailoni, hana hata unyoya. Mi hapa kuku wangu namkamata mwenyewe jioni, anachinjwa nyuma ya nyumba, namtia maji ya moto namnyonyoa, nambabua kwenye moto vile vinyweleo viishe, mwili mzima una masizi na manyoya yamegandia, nikimpasua saa ingine nyongo imepasuka au kinyesi kimegusa. Huyo nisimuoshe? Na utumbo wa ng'ombe je, na kongoro, na firigisi ambayo ndani ina mchanga na punje za mahindi? Mtu akisikia nyama haioshwi akaacha kuosha utumbo atawalisha watu mavi, samahani kwa neno ila ndo ukweli.

Na mama mkwe wa MamaTusa tusimchukulie ni mshamba. Kwa wazee wetu kuosha nyama ni kumheshimu unayempikia, mgeni akiona umeipeleka nyama sufuriani na damu yake anaona hujamthamini. Mi natia na limau na chumvi, harufu inakata kabisa.

Bwana_Afya_Iringa

Marahaba mama, na uko sahihi kwenye utumbo, kongoro, firigisi na kuku wa kuchinja mwenyewe. Hiyo ni sehemu ya kuchinja, bado hujafika kwenye kupika. Utumbo unapinduliwa, unakwanguliwa, unaoshwa mpaka maji yatoke safi halafu unachemshwa yale maji ya kwanza yanamwagwa, hakuna mtaalamu atakaekwambia vingine. Ila hiyo kazi unaifanya wapi? Unaifanya nje, kwenye beseni lake, mbali na vyombo, na ukimaliza unamwaga shimoni na unanawa. Shida inaanza pale kazi ya nje inapohamia kwenye sinki moja la jikoni ambalo ndo tunaoshea vikombe vya watoto.

Damu uliyoitaja, yale maji mekundu kwenye nyama ya buchani sio damu, damu ilishatoka wakati wa kuchinja. Ni maji ya nyama yenyewe yamechanganyika na kile kinachoipa msuli rangi nyekundu. Ukiosha mpaka yaache wekundu unamwaga utamu wa supu yako. Na limau linakata harufu kweli ila haliui wadudu kiasi cha kutegemewa, chumvi hivyo hivyo, siki hivyo hivyo. Weka kama kiungo, usiweke kama dawa.

Mpishi_Mafinga

Mi napikia watu, misiba, harusi, vikao, saa ingine kuku hamsini kwa mkupuo, naongezea la vitendo maana ukweli ni kwamba nyama ya shoka lazima ipite kwenye maji na mama mkwe lazima ale.

Usifungulie bomba juu ya nyama. Chukua beseni lenye kina, sio sinia, jaza maji nusu KWANZA, ndo uishushe nyama taratibu kwa mkono, igeuze chini ya maji, chenga za mfupa ni nzito zinazama zenyewe, toa kipande kimoja kimoja kikiwa karibu na maji kiweke kwenye chujio ambalo limekaa ndani ya sufuria ile ile unayopikia. Hapo hakuna maji yanayopiga kitu wala kupasuka. Maji yake usiyamwage kwenye sinki wala pale uani watoto wanapocheza, peleka chooni au shimo la taka, mimina karibu na chini sio unarusha toka mlangoni. Halafu beseni na kibao na kisu vipate sabuni na maji ya moto, malizia na maji yenye jiki kidogo uache dakika kadhaa. Beseni hilo liwe la nyama tu, mi langu jekundu, hata msaidizi mgeni nikimwambia jekundu ni nyama hakosei.

Kuku wa kisasa aliyekuja msafi mi siosha, namfuta na tishu za jikoni natupa. Na faida nyingine hakuna anayeisema, kuku mkavu akiingia kwenye mafuta anashika rangi vizuri na mafuta hayarukii watu, kuku aliyetoka kwenye maji anajichemsha kwenye mafuta anakuja kuwa mweupe na laini laini nje huku ndani bado mwekundu kwenye mfupa, na hapo ndo watu wanaumwa matumbo harusini.

Ila kubwa kuliko yote kwangu ni mpangilio. KACHUMBARI KWANZA. Nyanya, vitunguu, kabichi, parachichi, vyote vinakatwa mwanzo kabisa, vinafunikwa, vinatolewa jikoni, ndo nyama mbichi inaingia. Nimeona sehemu za kuchoma nyama wanachomoa mshikaki mbichi, wanakatia hapo, halafu nyama ikiiva inarudi kukatwa kwenye kibao kile kile na pilipili na nyanya zinakatiwa humo humo, sasa hata kama nyama ilioshwa na sabuni ya kuogea itasaidia nini. Mi nikikaa mahali naangalia vibao, wakiwa na kimoja naagiza chipsi yai naondoka.

Mbozi_Original

Wakuu mnaongelea kuku na ng'ombe, nyanda za juu kusini hatuwezi kumaliza hii mada bila kitimoto. Mi nafuga na pia nimewahi kununua nguruwe vijijini kupeleka mjini.

Kwenye nguruwe kuosha hakusaidii KABISA kwenye lile tatizo lenyewe, nalo ni tegu. Unakata mnofu unakuta vilengelenge vyeupe vya mviringo, ukubwa kama punje ya mchele uliovimba, vingine vinafika harage dogo, ndani kuna maji na kidoti cheupe. Vimejichimbia ndani ya msuli, vinakaa sana kwenye ulimi, moyo, bega na mashavu. Unaweza kuosha toka asubuhi mpaka jioni vipo hapo hapo, nimeona mtu anavibandua kimoja kimoja kwa ncha ya kisu eti anasafisha halafu anaendelea kuuza, hiyo nyama ilitakiwa itupwe yote. Ndo maana wanunuzi vijijini kabla ya kulipa nguruwe analazwa, anatiwa mti mdomoni, ulimi unavutwa pembeni na kitambaa na unapapaswa kwa chini, ukihisi vipele anaachwa. Lakini hapo kuna tatizo, asipoonekana na vipele ulimini haina maana yuko salama, wale wenye vichache hawaonekani. Ukaguzi wa baada ya kuchinja ni lazima, na nguruwe wengi wanachinjiwa nyumbani usiku bila mkaguzi, hilo tuseme ukweli linatuumiza.

Na watu wanachanganya hapa, wanasema ukila kitimoto unapata kifafa. Ukila kitimoto isiyoiva yenye vile vilengelenge unapata tegu mwenyewe, yaani mnyoo mrefu tumboni. Kifafa hakitoki hapo moja kwa moja. Kifafa kinakuja pale MTU mwenye ule mnyoo anapojisaidia, mayai yanatoka na kinyesi, yanaingia kwenye maji, mboga za majani, mikono isiyonawiwa, mtu mwingine anayameza, ambaye pengine hata nguruwe hali, na yanakwenda kujenga vilengelenge kwenye ubongo wake. Nguruwe naye anapata kwa kula kinyesi hicho hicho akiachiwa kuzurura. Kwa hiyo dawa ni choo, banda la kufungia nguruwe, kunawa mikono, na kuiva. Iive mpaka katikati hakuna wekundu, ndo raha yake pia, vipande vidogo, moto wa kutosha, muda wa kutosha. Kitimoto ya haraka haraka nje imeungua ndani ina majimaji mekundu irudishe jikoni bila aibu.

MamaTusa_Uyole

Ndaga fijo wote jamani, nimesoma mpaka nimemsomea na mama mkwe hapa, hilo la beseni lenye maji kwanza kalikubali, kasema hiyo bado ni kuosha hana neno. Naongeza mawili tu. La kwanza, hapa umeme ukikatika muda mrefu kuku anayeyuka kwenye friza, namtolea wapi ugando vizuri, maana mi huwa namwacha kwenye maji ya uvuguvugu, na kipindi hiki cha Juni Julai wengi hapa wanaacha nyama nje usiku kwenye ndoo wanasema baridi ya Mbeya ni friji tosha. La pili, shemeji yangu anasema huku juu milimani maji yanachemka upesi kabla hayajawa na moto wa kweli, kwa hiyo nyama inaonekana inatokota ila wadudu hawafi, ni kweli?

Bwana_Afya_Iringa

Shemeji yako ana nusu ya ukweli. Mbeya mjini mko kama mita 1,700 toka usawa wa bahari, maji yanatokota kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, na ukipanda kule Makete zaidi ya mita 2,000 inashuka kwenye 93. Ndo maana maharage yanasumbua kuiva huku kwetu na sufuria ya presha inaokoa mkaa. Ila kuku anahitaji 74 tu, kwa hiyo supu inayotokota kokote nyanda za juu inaua Salmonella bila shida, mradi itokote na uipe muda wa kufika ndani ya mfupa. Kuku wa kienyeji anayekaa jikoni saa nzima na zaidi sina wasiwasi nae. Wasiwasi wangu uko kwenye vya haraka, mishikaki, kidari cha kukaanga, maini ya dakika mbili.

Ila kuna kitu kimoja mtokoto hauponyi nacho ni kibudu, yaani mnyama aliyekufa mwenyewe. Kama kafa kwa ugonjwa wa kimeta, mbegu za bakteria wa ugonjwa huo zinahimili kupikwa kwa kawaida, na anayechuna na kukatakata anaweza kuambukizwa kabla hata nyama haijafika jikoni. Hiyo haioshwi, haipikwi, haigawiwi majirani, mwite mtaalamu wa mifugo.

Kuhusu baridi hapana mama. Nyama inataka nyuzi 4 kushuka chini. Usiku wa Julai hapo Uyole unaweza kushuka chini ya 10, mwili wako unaona baridi kali lakini kwa bakteria ni kupunguza mwendo tu, na likipanda jua saa nne ndoo imeshapata joto. Na maji ya uvuguvugu usitumie, nje ya kuku panapata joto wadudu wanazaliana huku ndani bado barafu. Mhamishie kuku kwenye friji ya kawaida toka jana yake, ndani ya bakuli lenye kina na uliweke rafu ya CHINI kabisa ili maji yake yasidondokee maziwa ya mtoto. Una haraka, mfunge kwenye mfuko usiopitisha maji umzamishe kwenye maji ya baridi, unabadilisha kila nusu saa, ukimaliza unampika hapo hapo. Umeme ukikatika usifungue fungue friza, likiwa limejaa linashika baridi kama siku mbili. Akishayeyuka akapata joto saa mbili nzima na zaidi usimrudishe kwenye barafu.

Kaka_Bucha

Na mi nimalizie hapo kwa Bwana Afya, dada kama huna friji ya uhakika usinunue nyama ya kulaza. Njoo asubuhi mapema ndo nyama imeshuka, nunua ya siku hiyo, hata robo nakupimia, na ukifika nyumbani ibandike ichemke kabisa ndo uendelee na kazi zingine. Jioni kuanzia saa kumi na moja ile iliyobaki imeshinda inaning'inia na bei inashuka, ukiichukua iwe ni ya kupika usiku huo huo.